Mchagua Jembe

Wahenga walisema: mchagua jembe si mkulima. Mwalimu wetu wa Kiswahili alitueleza methali hii tulipokuwa kidato cha pili. Alisema mtu anayeshinda dukani akipima mpini huu na mpini ule, hali mvua zimeshaanza kunyesha na wenzake wako shambani, huyo hana nia ya kulima. Tulicheka, tukaandika kwenye madaftari, mtihani ukaja ukapita. Sikujua kwamba methali ile ingenirudia nikiwa mtu mzima, nimesimama mbele ya kabati la kioo mjini Dodoma, nina shilingi elfu hamsini za mtu mwingine mfukoni, na ninachagua kibodi.

Ndugu msomaji, usinicheke. Kibodi ni ile ya kompyuta, wengine huiita baobonye na wengine kicharazio. Dukani kwetu tunasema kibodi, basi. Nami nataka kukueleza jinsi kitu kidogo namna hiyo kilivyonifundisha jambo ambalo vitabu vya maadili havikunifundisha.

Nilimaliza kidato cha nne, matokeo yakawa ya wastani. Nikapata kazi katika duka la stesheneri hapa Kongwa mjini, la mama mmoja mjane ninayemheshimu kama mama yangu mzazi. Kazi yangu ni kuchapa: barua za kuomba kazi, mikataba ya kupangisha chumba, mihtasari ya vikao vya vijiji, kadi za harusi, na siku hizi zaidi ni kuwajazia watu fomu kwenye mtandao. Usiku naandika riwaya. Ninaiandika kwenye simu, kwa kidole gumba. Yeyote aliyejaribu kuandika riwaya kwa kidole gumba anajua ninachosema. Wazo linakuja likikimbia kama ndama aliyekata kamba, kidole kinalifuata kikichechemea.

Kompyuta yetu ni ya zamani, na kibodi yake ilikuwa ya zamani zaidi. Plagi yake ni ile ya duara yenye vijiti sita, rangi ya zambarau, inayoitwa PS/2, jina lililotokana na kompyuta ambazo kampuni ya IBM ilizitoa mwaka 1987. Tundu la kijani ni la kipanya, la zambarau ni la kibodi. Ukiichomoa kompyuta ikiwa imewashwa, mara nyingi haitambuliki tena mpaka uzime na kuwasha upya. Ilikuwa imetumika hadi herufi A na K zikafutika kabisa, maana Kiswahili chetu kinazila herufi hizo kama mchwa. Kisha, katikati ya kiangazi, vumbi la Kongwa likaimaliza. Ukibonyeza N inatoka N tatu, ukibonyeza M haitoki kitu. Sasa wewe andika "Mheshimiwa" bila M.

Nikamwambia mama. Akaniuliza, "Sasa zipo za namna gani?"

"Shikamoo mama, zipo za waya na zipo zisizo na waya."

"Marahaba. Ipi nzuri?"

Hapo ndipo nilipoanza kupotea. Nilimjibu upesi, "Zisizo na waya ndizo za kisasa, mama." Neno "kisasa" ni neno baya sana, wenzangu. Halina uongo ndani yake, lakini halijibu swali. Mama aliuliza ipi nzuri, mimi nikamjibu ipi mpya. Naye kwa kuwa ananiamini akasema, "Wewe ndiye unayejua mambo hayo, mwanangu. Chagua." Akanihesabia elfu hamsini.

Njia nzima, kutoka Kongwa hadi Mbande, na kutoka Mbande hadi Dodoma, nilikuwa nawaza. Acha nikuambie niliyoyajua, ili uone kwamba sikukosea kwa kutojua.

Nilijua kwamba kibodi ya waya wa USB ndiyo rahisi kuliko zote. Mpango wa USB ulitolewa mwaka 1996, na toka hapo mtu anaweza kuchomeka na kuchomoa bila kuzima mashine. Haina betri, inakula umeme kidogo kutoka kwenye kompyuta yenyewe. Ukiichomeka inafanya kazi hata kabla Windows haijafunguka. Ubaya wake ni waya tu. Na hata huo waya, wezi wanaweza kuuchezea. Kuna vidude vidogo vinavyochomekwa kati ya plagi na kompyuta, vikarekodi kila herufi. Lakini kidude hicho mtu anaweza kukiona akiinama chini ya meza.

Nilijua pia kwamba zisizo na waya ziko za namna mbili. Namna ya kwanza ina kipokezi chake, kidude kama ukucha unachokichomeka kwenye kompyuta, na kibodi inakitumia mawimbi ya redio ya gigahezi 2.4. Namna ya pili ni ya Bluetooth, ufundi uliopewa jina la Harald, mfalme wa Denmark wa karne ya 10. Hiyo haihitaji kipokezi ikiwa mashine yako ina Bluetooth ndani, na kompyuta yetu haina. Simu yangu inayo.

Na nilijua jambo jingine. Mwaka 2016 wataalamu wa kampuni ya Bastille ya Marekani walionyesha kwamba baadhi ya kibodi za bei nafuu zenye vipokezi zilikuwa zikirusha herufi hewani wazi wazi, bila kuzifumba kwa siri yoyote. Mtu mwenye mtambo wake, akiwa umbali wa makumi ya mita, angeweza kusoma kila unachoandika kama vile amesimama nyuma ya bega lako. Kibodi za Bluetooth zenyewe hufunga mazungumzo yao kwanza. Kompyuta inakupa tarakimu, unaziandika kwenye kibodi, vinatambuana, kisha vinasemezana kwa siri, na Bluetooth ya asili hurukaruka kati ya njia 79, hadi mara 1600 kwa sekunde moja. Si kwamba haiwezi kuvunjwa, hakuna kufuli lisilovunjika. Lakini kuna tofauti kati ya mlango wenye kufuli na mlango ulioachwa wazi.

Sasa fikiria nani anakaa kwenye kiti cha mteja pale dukani kwetu. Kijana anakuja na neno lake la siri la kuombea kazi. Mzee anakuja na namba yake ya kitambulisho cha taifa. Mwanamke mmoja, mjane, alikuja kunichapisha barua ya shauri la mirathi dhidi ya shemeji zake. Alinong'ona muda wote, ingawa tulikuwa wawili tu mle ndani. Nchi yetu ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, lakini mjane yule hakuwa akifikiria sheria. Alikuwa ananitazama usoni.

Utasema, nani hapa Kongwa atakaa na mtambo wa kunasa kibodi? Hata mimi nilijiuliza hivyo mbele ya lile kabati la kioo, na nikajijibu: hakuna. Swali hilo lilinifaa sana siku ile. Leo naliona lilivyo. Mtu aliyekukabidhi mbuzi wake, nawe ukaacha zizi wazi usiku, je, umemfanyia uaminifu kwa kuwa fisi hakuja? Fisi kutokuja ni kazi ya fisi. Kazi yako ilikuwa mlango.

Nikaangalia bei. Ya waya wa USB ilikuwa elfu kumi na tano. Iliyonivutia ilikuwa elfu arobaini na tano. Ina kipokezi kwa ajili ya kompyuta ya dukani, na ina Bluetooth vile vile, unabonyeza kitufe inahamia kwenye simu. Nadhani umeshanielewa. Mchana ingekuwa ya mama, usiku ingekuwa ya riwaya yangu. Boksi lake halikusema lolote kuhusu kama mawimbi ya kile kipokezi yamefumbwa au la. Sikumuuliza muuzaji. Niliogopa atanijibu.

Nikainunua.

Wiki tatu zile zilikuwa tamu, siwezi kudanganya. Jioni naitia kibodi kwenye mkoba, "kwa usalama wa mali," namwambia mama, naye anafurahi kwamba kijana wake ni mwangalifu. Nyumbani nasimamisha simu kwenye kopo la maziwa, nawasha Bluetooth, na vidole vyote kumi vinalima pamoja. Niliandika sura nne. Niliandika kuliko nilivyokuwa nimeandika mwaka mzima. Nikasema moyoni, huu ndio uhuru wa mwandishi, hakuna waya!

Wiki ya nne niliandika mpaka saa nane usiku. Asubuhi nikalala kupita kiasi. Nilipofika dukani saa nne kasoro, mama alikuwa amesimama mlangoni na binti mmoja aliyemaliza kidato cha sita, ameshika bahasha ya vyeti. Ilikuwa siku ya mwisho ya kutuma maombi yake ya mkopo wa masomo. Amefika saa moja. Kompyuta ipo, mtandao upo, umeme, kwa bahati njema, upo. Kibodi haipo. Iko kwenye mkoba wangu, kitandani kwangu, imelala pamoja nami.

"Yule binti wa pili kakata tamaa kaondoka," mama alisema. Kumbe walikuwa wawili. Wa pili alikuwa amepanda gari kwenda Kibaigwa kutafuta duka jingine.

Nikaketi, nikamjazia fomu yule aliyebaki. Betri zikazimika katikati, maana nilikuwa nimezitumia usiku kucha. Nikakimbia kununua betri. Tukamaliza. Mikono yangu ilitetemeka hadi nikakosea jina la shule yake mara mbili.

Yule aliyekwenda Kibaigwa alifanikiwa. Alipita dukani siku chache baadaye kununua kalamu, akaniambia mwenyewe, bila kinyongo, kwamba alituma saa kumi na mbili jioni. Nauli ya kwenda na kurudi aliikopa kwa jirani. Nilitaka kumrudishia, nikakosa maneno, nikampa kalamu mbili kwa bei ya moja. Ona jinsi mtu anavyojilipia dhambi zake kwa bei ya punguzo.

Hapa ndipo penye swali langu, wenzangu, na nimekuwa nalo tangu siku hiyo. Binti hakukosa mkopo kwa sababu yangu. Je, kosa langu ni dogo kwa sababu hiyo? Kama angekosa, akabaki nyumbani, akaolewa pasipo kupenda, watu wangesema nimeharibu maisha ya mtu. Kwa kuwa alipata gari, watu wanasema nilichelewa kazini. Lakini mimi ni yule yule, kibodi ni ile ile, usingizi ni ule ule. Tofauti ya maovu hayo mawili ni dereva wa gari la Kibaigwa, ambaye hata hanijui. Sioni namna ya kujisifu kwa wema wa dereva.

Basi nimefikia kuamini hivi: kosa langu halikuanza asubuhi ile. Halikuanza hata kwenye kabati la kioo. Lilianza pale nilipoulizwa "ipi nzuri?" nikajibu "ya kisasa". Nilichaguliwa nichague kwa ajili ya mtu, nami nikajichagulia.

Sisi wa Kongwa tungepaswa kulijua jambo hili kuliko watu wengine. Mwaka 1946 wataalamu watatu walitumwa na Uingereza kuja kutazama ardhi ya kulima karanga. Walizunguka kwa muda wa wiki tisa hivi, sehemu kubwa wakitazama kutoka kwenye ndege. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, ilitaka mafuta ya kula. Mpango ukawa ekari zaidi ya milioni tatu, na mwaka 1947 matrekta yakaanza kunguruma hapa. Waliokuwa wakiishi hapa, Wagogo, walilima mtama na uwele na kufuga ng'ombe, na walijua mvua ya kwao na udongo wa kwao, unaokauka ukawa kama sakafu wakati wa kiangazi. Matrekta yalivunjikia kwenye visiki, karanga zikagoma, na Januari 1951 mradi ukaachwa baada ya kumeza makumi ya mamilioni ya pauni. Vitabu vinasema walikosea kuhusu mvua na udongo. Ni kweli. Lakini nyuma ya kosa hilo kuna jingine: jembe lilichaguliwa kwa njaa ya mbali, likalimishwa katika shamba la watu ambao hawakuulizwa. Mimi na kibodi yangu ya elfu arobaini na tano tulikuwa mradi mdogo wa karanga.

Na kuna habari nyingine ya Kongwa inayonisaidia kufikiri juu ya neno uhuru, lile nililolitamka usiku nikiandika bila waya. Kuanzia mwaka 1964 wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walikuwa na kambi hapa: FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, na wengineo. Samora Machel alikaa hapa, na Chris Hani pia. Hao walikuwa watu wa uhuru kweli kweli, na hawakuwa huru na kila kitu. Walilala katika ardhi ya nchi nyingine, wakala chakula cha wenyeji, wakawa na deni wanalolijua. Sidhani kwamba deni hilo liliwapunguzia uhuru. Uhuru unaopungua ni ule uliojengwa juu ya deni ambalo mwenye mali halijui. Kibodi yangu haikuwa na waya, lakini ilifungwa kwenye mfuko wa mama yule kwa kamba ambayo mimi peke yangu niliiona.

Nilimweleza mama siku ya tatu. Nilimweleza yote: bei, Bluetooth, riwaya, "usalama wa mali," na lile la mawimbi yanayoweza kusikilizwa. Alinyamaza kidogo, akaendelea kupanga madaftari. Kisha akasema, "Mimi sijakukataza kuandika hata siku moja. Ungesema tu." Nikabaki nimeinama. Akaongeza, "Na yule mjane wa mirathi, ulimwandikia kwa hii?" Nikasema ndiyo. Hapo ndipo uso wake ulipobadilika. Hakusema neno, lakini kesho yake alinituma Dodoma tena na elfu kumi na tano.

Sasa dukani tuna kibodi ya waya wa USB. Nimeufunga waya kwenye mguu wa meza, na kila asubuhi nainama kutazama plagi, kama kuna kidude cha ajabu kati yake na kompyuta. Ile nyingine mama aliniuzia kwa bei ile ile niliyoinunulia, na anakata elfu tano katika mshahara kila mwezi mpaka iishe.

Kitu kimoja kinanichekesha hadi leo. Fundi simu mmoja alinionyesha kwamba hata kibodi ya waya ingeweza kuunganishwa na simu yangu kwa kipande kidogo cha OTG, cha bei ya chini tu. Ni kweli ingezuia tundu la chaji na kunyonya betri ya simu kidogo, lakini ingeandika. Ningemwomba mama kwa adabu kuiazima jioni, duka likiwa limefungwa, asubuhi nikairudisha mapema, angenikubalia. Wateja wangelindwa, na mama angebaki na elfu thelathini zake. Nilidhani nachagua kati ya riwaya yangu na haki ya watu wengine, kumbe hata vita hivyo havikuwapo. Nilivianzisha mwenyewe kwa kukwepa kuomba. Nafikiri uovu mwingi wa watu wa kawaida kama sisi uko hivyo. Tunaiba kitu ambacho tungepewa.

Je, mchagua jembe si mkulima? Sasa naona methali ina nusu yake nyingine ambayo mwalimu hakutupa. Mkulima ana haki ya kuchagua jembe, na anapaswa kulichagua vizuri, maana jembe baya huumiza kiganja. Lakini kabla hajaliangalia jembe, ajiulize analima shamba la nani, na fedha iliyo mfukoni ni ya nani. Akishajibu hayo, kuchagua hakutamchukua muda mrefu. Mimi pale kwenye kabati la kioo nilisimama nusu saa, na nusu saa nzima nilikuwa nalikwepa swali hilo moja.

Nanyi waandishi wenzangu mnaosoma kurasa hizi, wengi wetu tunaandika kwa vitu vya watu: kompyuta ya ofisini, karatasi za mwajiri, muda ambao mtu mwingine ameulipia, taa ya shangazi. Sisemi tuache kuandika. Nimebakiza makato ya miezi minne, na sura ya tisa nimeianza juzi. Nauliza tu: yule mwenye taa anajua kwamba inawaka?